Sauti Zipitazo Juu ya Chanika

Wasikilizaji wetu, mtu aliye nyuma ya kilima hasikii vema mwito wa mwenziwe. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba mawimbi ya redio yaliyo mafupi sana, yenye urefu wa mita 6 au pungufu, yana udhaifu huo huo. Leo tutaeleza jinsi watu wenye subira ya kusikiliza walivyoonyesha kwamba sivyo, na kwa nini habari hii yawahusu watu wa Chanika katika Handeni.

Mwaka wa 1901 Marconi, akiwa Newfoundland, alisikia ishara ya simu ya upepo iliyotumwa kutoka Uingereza. Watu wakauliza, imevukaje mgongo wa dunia? Mwaka wa 1924 Edward Appleton alithibitisha kwamba juu sana angani mna tabaka lenye chembe za umeme, nalo hurudisha mawimbi chini kama mwamba urudishavyo mwangwi. Lakini mawimbi mafupi sana hulitoboa yakapotea. Basi ikaaminiwa kwamba hayafai kwa safari ndefu.

Hata mwaka wa 1947, madoa ya jua yalipokuwa mengi, watu wapendao redio, wasiolipwa mshahara kwa kazi hiyo, wakasikiana kwa mawimbi ya mita 6 kati ya Meksiko na Ajentina. Mwaka wa 1978 wenzao wa kisiwa cha Saiprasi na wa Salisbury, mji uitwao sasa Harare, wakawasiliana kwa mawimbi ya mita 2 tu. Mwendo huo ni karibu kilomita 6,000, na njia yake yapita juu ya Afrika ya Mashariki.

Siri yake ni hii. Iko ikweta ya sumaku, ambayo kwa upande wetu hupita Ethiopia. Mchana chembe za umeme huinuliwa juu ya mstari huo, kisha huteremka kaskazini na kusini, zikajikusanya kama matuta mawili ya shamba. Wimbi hupinda kwenye tuta moja, likavuka hadi la pili, ndipo likashuka, wala halikugusa ardhi ya katikati. Mambo haya hutokea zaidi karibu na miezi ya Machi na Septemba. Chanika iko karibu na mahali lilipo tuta la kusini.

Tena, jua likiisha kuzama, tabaka hilo hutibuka kama maji yachemkayo. Mtibuko huo huweza kuyachukua mawimbi mafupi mbali sana. Lakini pia hutikisa ishara za satelaiti, hata chombo cha kupimia mahali kikakosea. Mpima ardhi na rubani yawapasa kuzijua saa hizo.

Hesabu za wataalamu zilikuwa zimekwisha kukata shauri. Waliozisahihisha ni wale walioandika siku, saa na ishara waliyoisikia. Basi kijana apendaye elimu na aweke daftari karibu na redio yake.