Mkanda wa begani ulivyochelewa

Juzi nilikuwa maktaba nasomea mtihani, nikakutana na stori iliyonitoa kabisa kwenye notsi. Ngoja niwamegee.

Mwaka 1917 kijana mmoja, Hugh DeHaven, alikuwa anajifunza urubani wa kijeshi. Ndege yake ikagongana na nyingine angani. Akapona, ila tumbo likaumia vibaya kwa ndani. Mwenyewe akaamini kilichomuumiza ni chuma cha kufungia mkanda wake! Yaani kitu cha kukuokoa ndicho kinakupasua. Hakuishia kusema ni bahati: mwaka 1942 akaanzisha utafiti wa majeraha ya ajali za ndege, Chuo Kikuu cha Cornell.

Ishu ni hii: mkanda wa kiunoni unashika nyonga tu. Ndege ikisimama ghafla, kifua na kichwa vinaenda mbele mpaka kwenye dashibodi. Wa begani unavizuia.

Sasa cheki Marekani walivyojivuta. Ndege ndogo zililazimishwa kuwa na mkanda wa begani viti vya mbele kama zimetengenezwa baada ya Julai 18, 1978. Viti vyote? Baada ya Desemba 12, 1986! Za zamani hazikuguswa, na ndege ikitunzwa inaruka hata miaka 50. Kuifunga mikanda hiyo akaachiwa mwenye ndege na mfuko wake.

Jamani, kifua cha abiria kinajuaje ndege ilitengenezwa mwaka gani? Mnaonaje? Haya, nawahi kipindi.