SIMU ZILIPOZIMWA MISRI, WATU WALIZIDI KUTOKA

Ukimuuliza kijana yeyote ni kitu gani kilichomng'oa Hosni Mubarak mwaka 2011, atakujibu bila kufikiri: Facebook. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya habari. Nusu iliyobaki ndiyo yenye faida zaidi kwetu, vijana na wazazi, kwa hivyo hebu tuifuate tangu mwanzo.

MWITO WA AWALI

Tangu 1981 Misri ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari. Polisi waliweza kumkamata mtu na kumweka ndani bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 2008 maisha yalipokuwa magumu na mkate ukawa adimu, wafanyakazi wa kiwanda cha nguo mjini El-Mahalla el-Kubra walipanga kugoma tarehe 6 Aprili. Vijana, wakiwemo Esraa Abdel Fattah na Ahmed Maher, wakafungua ukurasa wa Facebook kuwaunga mkono. Kufumba na kufumbua, waliojiunga walifika kama 70,000.

Siku ilipofika, Mahalla kuliwaka moto na watu wakafa. Cairo polisi walijaa barabarani na maandamano hayakushika. Mwaka uliofuata mwito ulirudiwa, ukadoda. Kwani kulikosekana nini? Mahalla watu walikuwa wakifanya kazi pamoja na kuishi mtaa mmoja. Kwenye ukurasa walikuwa majina tu. Kubonyeza kitufe ni jambo moja, kutoka mlangoni ni jambo lingine.

PICHA YA KHALED SAID

Tarehe 6 Juni 2010, kijana wa miaka 28 aitwaye Khaled Said alikamatwa na polisi wawili ndani ya saiba mjini Iskandaria, wakampiga mpaka akafa. Serikali ikasema ati alimeza bangi ikamkaba. Lakini jamaa zake walikuwa na picha ya uso wake kutoka mochari, na picha hiyo ikasambaa nchi nzima.

Wael Ghonim, Mmisri aliyekuwa akifanya kazi Google huko Dubai, akafungua ukurasa ulioitwa "Sote ni Khaled Said" bila kutaja jina lake. Wafuasi wakafika mamia ya maelfu. Wito wa kwanza wa ukurasa ule haukuwa wa fujo. Watu waliombwa wavae nguo nyeusi, wasimame kimya kando ya bahari, wengine wakisoma Qur'ani na wengine Biblia. Si rahisi kumshtaki mtu kwa kosa la kutazama bahari!

Hapa ndipo mtandao ulipofanya kazi yake kubwa. Kila mtu alikuwa akidhani ni yeye peke yake mwenye uchungu, sasa akaona wenzake ni wengi. Kisha ikaja habari ya Tunisia. Mohamed Bouazizi, muuza matunda wa Sidi Bouzid, alijichoma moto tarehe 17 Desemba 2010, na ilipofika 14 Januari 2011 Rais Ben Ali alikuwa amekimbilia Saudi Arabia. Wamisri wakaanza kuulizana: wao wameweza, sisi je?

MAHALI PASIPOTANGAZWA

Siku iliyochaguliwa ilikuwa 25 Januari, sikukuu ya polisi. Asmaa Mahfouz, msichana wa miaka 25, alijirekodi vidio akiwaambia watu uso kwa uso kwamba yeye atatoka. Waandalizi wakatangaza mtandaoni vituo 20 vya kukutania, na polisi, kwa kuwa nao walikuwa wakisoma kurasa zile zile, wakaenda kusubiri huko.

Lakini kulikuwa na kituo cha 21 ambacho hakikuandikwa popote. Kilikuwa Boulaq el-Dakrour, mtaa wa watu wa hali ya chini wenye vichochoro vyembamba. Huko watu waliitwa kwa mdomo, msafara ukapita mlango kwa mlango ukizidi kukua, na polisi walipostuka tayari ulikuwa njiani kuelekea Tahrir. Kumbe mtandao ulitumika kuita umma, na pia kumzubaisha polisi.

IJUMAA BILA SIMU

Usiku wa kuamkia Ijumaa, 28 Januari, serikali ilikata intaneti karibu nchi nzima, na simu za mkononi zikazimwa. Walidhani wameikata mizizi. Lakini saa ya Ijumaa haitangazwi kwa Facebook, kila mtu anaijua. Watu walitoka misikitini kwa makundi, na Wakristo wakaungana nao nje. Na mzazi aliyezoea kumpigia mwanawe simu, sasa ilimbidi atoke mwenyewe akamtafute.

Kwenye daraja la Qasr el-Nil watu waliswali huku polisi wakiwamwagia maji. Ilipoingia jioni, polisi ndio waliorudi nyuma, na jeshi likaingia mjini. Intaneti ilirudi tarehe 2 Februari, na Tahrir ilikuwa imeshajaa. Siku za mwisho wafanyakazi wakagoma sehemu nyingi, na tarehe 11 Februari Mubarak akaondoka baada ya karibu miaka 30. Tume iliyochunguza ilihesabu waliouawa kuwa si chini ya 846. Hao wote walikuwa watoto wa watu.

BAADA YA SHANGWE

Vijana walioita umati hawakuwa na chama wala ofisi mitaani. Uchaguzi wa 2012 ulipofika raundi ya mwisho, waliobaki ni Mohamed Morsi wa Ikhwan, jumuiya iliyojengwa tangu 1928, na Ahmed Shafik, waziri mkuu wa mwisho wa Mubarak. Morsi alishinda, lakini tarehe 3 Julai 2013 jeshi lilimwondoa, na tarehe 14 Agosti mamia waliuawa Rabaa. Mwisho wa mwaka huo huo Ahmed Maher alihukumiwa miaka 3 jela kwa sheria mpya ya maandamano. Mwaka 2018 ikapitishwa sheria inayoihesabu akaunti yenye wafuasi zaidi ya 5,000 kama chombo cha habari chini ya usimamizi wa serikali. Mwenge wa jana ukawa daftari la polisi.

NA SISI JE?

Kenya tuliyaona haya Juni 2024. Vijana walisomeshana Mswada wa Fedha kwa TikTok na X, wakaitana, na tarehe 25 Juni wakafika Bungeni. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Lakini makumi ya watu walipoteza maisha, na baadaye wako waliotekwa, wengine wao wakijulikana kwa yale waliyoandika mtandaoni.

Kijana, simu itakuitia watu elfu kwa saa moja. Haitakwambia nani atabaki nawe wakati wa kumtafutia aliyekamatwa wakili, kumzuru mama aliyefiwa, au kukaa kwenye vikao virefu vya kuamua kinachofuata. Hao hutafutwa mapema, mtaani, kazini na msikitini, siku ambazo hakuna maandamano. Na wewe mzazi, usingoje simu izimwe ndipo utoke kumtafuta mwanao. Kaa naye leo baada ya futari, umuulize anasoma nini humo na kinachomuuma ni kipi.