Presha ya benchi na presha ya usiku

Bodaboda kutoka Nkwenda hufika Omurushaka ikiwa na vumbi, na abiria wake, mama mmoja, kiuno kimekaza. Mama huyo akiingia kliniki kupimwa presha, hata jasho halijakauka. "Shikamoo mama, lete mkono." Mkanda unajaa upepo: 168 kwa 96. Angekaa kimya dakika tano, miguu sakafuni, pengine namba zingekuwa nyingine. Sasa presha yake ni ipi?

Swali hili ni la zamani kuliko wilaya ya Kyerwa, anakotoka mama huyo, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mkanda wa mkononi ni kazi ya Mwitaliano Scipione Riva-Rocci, 1896. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha jinsi ya kusikiliza mshipa chini ya mkanda, zikapatikana namba mbili, ya juu na ya chini. Tangu hapo, presha ya mtu ikawa ile aliyokutwa nayo kwenye benchi la kliniki.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Kavirondo ya Kusini nchini Kenya, daktari C. P. Donnison alipima watu wapatao 1,000, na mwaka 1929 akaandika kwamba hakukuta presha ya kupanda. Miaka ya 1980, Neil Poulter na wenzake wakawafuatilia Waluo waliohamia Nairobi: miezi michache tu mjini, presha imeanza kupanda, na chumvi kwenye mkojo imeongezeka. Baadaye huko vijijini Hai, Kilimanjaro, watu 7 kati ya 10 wenye miaka 70 na zaidi walikutwa nayo. Siku hizi ni vigumu kusema huu ni ugonjwa wa mjini.

Turudi kwenye swali la mama: kuifuata presha mchana na usiku, badala ya kuipima mara moja, kulianza kwa taabu. Mwaka 1962 Maurice Sokolow wa San Francisco alitumia mashine ya kubeba, lakini mgonjwa alijipulizia mkanda mwenyewe. Watafiti wa Oxford walithubutu zaidi: mrija mwembamba ndani ya mshipa, mtu akatembea nao, akalala nao. Ikaonekana presha hushuka sana usingizini. Isiposhuka, moyo na ubongo vimo hatarini, hata kama mchana namba ni nzuri.

Mashine ya leo huning'inia kiunoni, hupima kila dakika 15 hadi 30 mchana, usiku kwa nafasi zaidi. Ni ghali, na vijijini ni adimu. Wengi hubaki na kupima nyumbani na kuandika kwenye daftari, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Anayeipata mashine ya kiunoni huambiwa neno moja: mkanda ukianza kujaa, tulia, mkono ushuke. Hata kama ndiyo kwanza umeshika tawi la mbuni.