Cheti cha Ng'ambo

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki na makampuni mengi makubwa yaligeuka mali ya umma. Mali ikawa yetu, lakini wa kuihesabu walikuwa haba. Ndiyo maana mwaka 1972 Bunge likatunga sheria iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu; na mwaka huo huo kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Dar es Salaam.

Mwaka 1977 mdogo wangu alimaliza kidato cha sita, akapata ukarani wa hesabu katika shirika moja la umma. Akaniuliza: "Kaka, nifanye mitihani ya Bodi, au ile ya Uingereza kwa njia ya posta?" Mimi, mkufunzi kijana wa chuo cha ualimu, nilimjibu bila kusita: ya Uingereza. Niliamini cheti cha ng'ambo ndicho cheti.

Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika. Ada ililipwa kwa pauni, na pauni hazikupatikana. Masomo yakakatika njiani. Akaanza upya na Bodi, hali makarani aliowafundisha kazi wamekwisha kuwa wakubwa wake.

Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Tangu hapo, kijana akinijia kwa ushauri, mimi ndiye huanza kuuliza: Utafanya kazi wapi? Sheria ya huko inamtambua nani? Na ada utailipa kwa fedha gani?