Watoto Viziwi wa Oña na Lugha Zao

Zamani watu wengi walidhani ya kuwa mtoto aliyezaliwa kiziwi hafundishiki. Hasikii, kwa hiyo hasemi. Na kwa kuwa hasemi, walimhesabu kuwa hana akili. Hata sheria ya Kaisari Justiniano ya mwaka 531 ilimnyima aliyezaliwa kiziwi na bubu haki ya kuandika wasia.

Basi katika karne ya 16 alikuwako huko Hispania mtawa mmoja, jina lake Pedro Ponce de León, wa shirika la Mtakatifu Benedikto, ndilo shirika lile lililokuja kujenga Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Alikaa katika monasteri ya San Salvador, mjini Oña. Jamaa ya Velasco, walio wakuu wa nchi ya Castilla, walikuwa na watoto viziwi kadha wa kadha. Wawili wao, Francisco na Pedro, wakaletwa kwake.

Mtawa huyo alianza na kalamu. Alionyesha kitu kwa kidole, akaandika jina lake, na mtoto akaliandika. Kisha akamfundisha kulitamka. Tena watawa wale walikuwa na saa zao za kunyamaza, wakaambiana mambo ya haja kwa ishara za mikono. Kwa hiyo hawakuona ajabu mkono ukisema. Kijana Pedro mwenyewe aliandika habari za masomo yake: kwanza aliyaandika maneno ya lugha ya kwao katika daftari, ndipo akaanza kuyatamka kwa nguvu zake zote, mate yakimtoka, akasoma vitabu vya historia muda wa miaka kumi, halafu akajifunza Kilatini. Mwaka 1575 mwandishi Ambrosio de Morales alishuhudia ya kwamba Pedro alisema Kilatini na kukiandika karibu bila kosa. Naye Ponce, katika hati ya mwaka 1578, aliwataja wanafunzi wake waliojua Kilatini, na wengine Kigiriki, na hata kufahamu Kiitaliano. Akafariki mwaka 1584.

Kweli hao walikuwa wana wa wakubwa, na mwalimu aliwafundisha kwa miaka mingi. Lakini lugha ya pili haikuiharibu ya kwanza.

Fundisho hilo lilisahauliwa. Mwaka 1880 walimu waliokutana Milano waliazimu kwamba viziwi wafundishwe kwa sauti tu, na ishara ziondolewe. Shule nyingi zikafuata, na watoto wengi wakakatazwa kutumia mikono yao. Mwaka 2010 tu, huko Vancouver, mkutano wa walimu hao ulilikana azimio lile na kusikitika kwa madhara yake.

Huku kwetu Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Mtoto wa huko aweza kutoka katika nyumba ya Kisukuma au Kinyamwezi, akakuta Kiswahili darasani, na ishara kwa wenziwe. Wako wazazi wanaoshauriwa kuiacha lugha ya nyumbani, ati isimchanganye mtoto. Enyi wazazi na walimu, msikubali upesi. Mtoto asiyesemeshwa na bibi yake huwa mgeni nyumbani kwao. Mwenye kusikia kidogo asemeshwe kwa lugha zote za jamaa yake, karibu na uso. Naye asiyesikia kabisa apewe ishara tangu utoto, na jamaa wote wajifunze. Kinachomdhuru kiziwi ni kukosa lugha. Wingi wake haujamdhuru.