Kaimati

Kaimati (pia: kalimati) ni matonge madogo ya unga wa ngano uliochachuliwa kwa hamira, yanayokaangwa katika mafuta mengi na kuvikwa shira ya sukari. Ni chakula cha Waswahili wa pwani ya Afrika ya Mashariki, na hupikwa hasa mwezi wa Ramadhani kwa ajili ya futari. Vyakula vya pwani vya aina hii vilifika pia bara kwa njia ya misafara, hasa Tabora.

Jina

Jina limetokana na neno la Kiarabu luqaimat, lenye maana ya "matonge madogo". Katika Omani na nchi nyingine za Ghuba chakula hiki huitwa hivyo hadi leo, na mara nyingi humiminiwa asali au shira ya tende. Kitabu cha mapishi cha al-Baghdadi, kilichoandikwa mwaka 1226, kinataja chakula cha jamii hiyo kwa jina la "matonge ya kadhi". Lokma ya Uturuki na loukoumades za Ugiriki zina asili moja na kaimati.

Viungo

Kwa kawaida hutumika vikombe 2 vya unga wa ngano, kijiko 1 cha chai cha hamira na tui la nazi au maji ya uvuguvugu. Wengine huongeza mtindi kidogo. Shira hutengenezwa kwa vikombe 2 vya sukari na kikombe 1 cha maji, pamoja na iliki na matone ya ndimu. Ndimu huzuia sukari isigande kuwa chenga.

Utayarishaji

Kaimati ni kazi ya mikono mingi, kwa hiyo nyumbani hugawanywa kati ya watu wa familia.

Kwanza unga huchanganywa uwe mzito na wenye kuvutika, kisha hupigwapigwa kwa mkono ndani ya bakuli ili uingie hewa. Hatua hii huchosha, na watu wanaweza kupokezana. Baada ya hapo unga hufunikwa mpaka uumuke.

Wakati wa kukaanga, mtu mmoja hulowesha mkono, huchota unga na kuuminya katika ngumi. Tonge linalotokeza kati ya kidole gumba na cha shahada hudondoshwa katika mafuta. Mwingine huzigeuza kaimati bila kuacha ili ziive rangi moja pande zote. Wa tatu huziopoa na kuzitia katika shira. Mafuta yakiwa ya moto mno, kaimati huungua nje na kubaki mbichi ndani. Yakiwa baridi, hunywa mafuta. Watoto hujifunza kwa kuanzia kwenye shira, mbali na karai la moto, kabla ya kukabidhiwa kazi ya kudondosha.

Tabora na njia ya misafara

Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliishi Kazeh na Kwihara, katika eneo la Tabora ya leo, kwenye njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Unga wa ngano na sukari, vitu viwili ambavyo kaimati haiwezi kupikwa bila hivyo, havikuwa vyakula vya kila siku vya Wanyamwezi, waliotegemea zaidi mtama na nafaka nyingine. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1871, aliandika kwamba Waarabu wa huko walilima ngano kwa matumizi yao kando ya matembe yao, na kwamba waliagiza vitu vya anasa kutoka pwani mara moja kwa mwaka.

Kila kitu cha pwani kilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na kila mmoja alichukua mzigo wa kilo 30 hivi. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne. Kazi za mashambani na za nyumbani katika matembe hayo zilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa. Hivyo chakula kitamu cha mezani kilitegemea jasho la watu ambao hawakualikwa kukila.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, safari ya miezi kutoka pwani ikawa ya siku chache, na mizigo ikaacha kupanda vichwani na mabegani mwa watu. Unga na sukari vikawa bidhaa za dukani, na vyakula vya anasa vya matembe vikaweza kupikwa katika nyumba za kawaida.

Tazama pia

Mandazi
Vitumbua
Visheti
Tabora (mji)