Utafiti Tendaji: Mwalimu Anapolichunguza Darasa Lake Mwenyewe

Mtoto wa Karagwe au Kyerwa, wilaya za Mkoa wa Kagera, anaweza kuingia darasa la kwanza akiwa na maneno machache tu ya Kiswahili. Nyumbani kwao kinazungumzwa Kinyambo, kwa jirani pengine Kihaya. Ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Rwanda, ni Kinyarwanda, na ukivuka mpaka wa Murongo kuingia Uganda unakutana na Kinyankole. Mtoto huyo huketi dawati moja na mtoto wa mtumishi aliyehamishiwa Kayanga kutoka Morogoro, ambaye Kiswahili ndiyo lugha aliyokua nayo. Mmoja amepitia elimu ya awali, mwingine hakupitia. Yuko pia asiyeona vizuri ubaoni na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwalimu ni mmoja, na dakika za kipindi hazitoshi.

Mwalimu anayetaka kujua namna ya kuwafikia wote hawa anaweza kusubiri watafiti waje kutoka chuo kikuu, au anaweza kuanza kuchunguza mwenyewe huku akifundisha. Njia hii ya pili kwa Kiingereza inaitwa action research, na kwa Kiswahili inastahili kuitwa utafiti tendaji.

Nasema inastahili kwa sababu wako wanaopendelea utafiti wa vitendo. Tatizo ni kwamba shuleni "vitendo" tayari vina kazi nyingine: kuna mtihani wa sayansi kwa vitendo na mazoezi ya kufundisha kwa vitendo. Mwalimu akiambiwa utafiti wa vitendo, mawazo yake yatakwenda maabara. "Tendaji" tumeizoea katika kamati tendaji, ile ambayo haiishii kushauri bali huamua na kutekeleza. Hapo ndipo penye kiini cha dhana yenyewe: anayechunguza ndiye anayebadilisha jambo, na uchunguzi haujakamilika mpaka jambo libadilishwe na matokeo yake yaangaliwe.

Kuna pia utafiti shirikishi, ambao ni ndugu yake lakini si yeye. Huo unahusu nani anashiriki katika kuuliza na kujibu, na Tanzania ina sifa kubwa katika historia yake. Kati ya 1975 na 1979, Marja-Liisa Swantz kutoka Finland aliongoza mradi wa Jipemoyo magharibi mwa Wilaya ya Bagamoyo, ambako wanavijiji, wakulima kwa wafugaji, walichunguza hali zao pamoja na watafiti badala ya kuchunguzwa tu. Mwalimu anayebuni utafiti tendaji leo hana haja ya kuona kwamba anaazima kitu cha kigeni kabisa.

Aliyelipa jina la utafiti tendaji uzito ni Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyeondoka Ujerumani 1933 na kuhamia Marekani. Makala yake ya 1946 haikuhusu mbinu za kufundisha hesabu. Ilihusu uhusiano kati ya makundi ya watu tofauti wanaoishi mahali pamoja, na jinsi ya kuuboresha kwa kutenda, kupima na kutenda tena. Kwa hiyo tunapoutumia utafiti huu kuchunguza utofauti wa wanafunzi, tunaurudisha kwenye swali lililouzaa. Baadaye, katika miaka ya 1980, Stephen Kemmis na Robin McTaggart wa Australia waliueneza kama mzunguko ambao vyuo vingi vya ualimu vinaujua: kupanga, kutenda, kuangalia, kutafakari, kisha kupanga upya.

Yapo maneno mengine mawili ya kuwekwa sawa kabla ya kubuni chochote. "Utofauti wa wanafunzi" shuleni kwetu mara nyingi hufahamika kuwa ulemavu peke yake. Ulemavu umo, tena lazima uwemo, lakini zimo pia lugha ya nyumbani, umri, umbali wa kutembea, uwezo wa familia, na kama mtoto analelewa na wazazi au na bibi. "Mazingira ya kujifunzia" nayo tumeyafanya kuwa madarasa, madawati na matundu ya vyoo. Ni kweli, bila hivyo hakuna shule. Hata hivyo, mtoto wa Kinyambo anaposimama kuomba kalamu na ulimi ukatamka "karamu", darasa zima linaangua kicheko. Kesho yake hanyooshi mkono. Kicheko kile ni sehemu ya mazingira ya kujifunzia sawasawa na dawati, na uzuri wake ni kwamba mwalimu anaweza kukiondoa bila kusubiri bajeti ya halmashauri.

Hapo ndipo swali la utafiti linapozaliwa. Swali kama "Kwa nini wanafunzi wa vijijini hawafanyi vizuri?" halimfai mwalimu, maana hata akipata jibu hana la kufanya Jumatatu asubuhi. Linalomfaa ni hili: "Nikiwapa wanafunzi wangu wa darasa la tatu dakika mbili za kuzungumza na jirani kwa lugha yoyote kabla ya kunyoosha mikono, je, wale wasiojibu kabisa wataanza kujibu?" Ndani yake mna watu, mna tendo, na mna dalili inayoweza kuhesabiwa.

Ahesabuje? Achore ramani ya darasa kwenye karatasi moja, kila dawati na waliokaa. Mwalimu mwenzake akae nyuma kwa vipindi kadhaa, na kila mwanafunzi anapojibu au kuuliza, achore kijiti kimoja mahali pake kwenye ramani. Mwalimu asijihesabie mwenyewe. Anayefundisha huwaona wanaoinua mikono na kuwasahau wengine. Vipindi vya mwanzo vipite bila kubadilisha lolote, ili pawepo na cha kulinganisha. Baadaye aanze zile dakika mbili, na vijiti viendelee kuchorwa. Dakika hizo zina sababu: Mmarekani Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, na kwamba wakisubiri tatu, majibu hurefuka na waliozoea kunyamaza huanza kusema. Fikiria basi mtoto ambaye ndani ya sekunde hiyo moja anatakiwa kwanza kulitoa jibu katika Kinyambo.

Kalenda ya Kagera nayo ina neno lake katika ubunifu huu. Mvua za vuli na za masika zikipiga bati lisilo na dari, hakuna anayemsikia mwenzake. Msimu wa kuvuna kahawa mahudhurio hupungua. Ukipima kabla ya mavuno na kupima tena katikati yake, unaweza kusifu au kulaumu mbinu kwa jambo lililofanywa na kahawa. Pembeni ya vijiti yaandikwe mahudhurio ya siku hiyo na hali ya hewa.

Jambo moja linahitaji uangalifu kuliko yote katika wilaya hizi mbili. Mtafiti wa utofauti hushawishika kumuuliza mtoto: kwenu ni wapi, wazazi wako walitoka wapi? Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Rwanda na Uganda, na mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na kibali ilipita katika Mkoa wa Kagera. Swali la asili linalobebwa nyumbani na mtoto wa miaka tisa linaweza kusikika kwa mzazi kama swali la uraia. Mwalimu halihitaji. Anachohitaji kujua ni lugha ipi mtoto anaielewa kwa urahisi, na hilo atalisikia uwanjani wakati wa mapumziko. Majina yasiandikwe, herufi zinatosha. Mwalimu mkuu na kamati ya shule wajulishwe mapema kwamba linalochunguzwa ni ufundishaji, wala si familia.

Matokeo yakionyesha kwamba waliokuwa kimya bado wako kimya, utafiti haukushindwa. Umemwambia mwalimu kwamba kizuizi si muda wala lugha peke yake, na mzunguko wa pili unaanza: pengine ni kicheko, pengine ni mahali anapokaa mtoto, pengine ni macho yake. Ninachokataa ni ile ripoti inayoitwa utafiti tendaji ilhali ilikusanya hojaji mara moja, ikapendekeza kwamba Serikali iongeze walimu, ikaishia kabatini. Hiyo ni tathmini ya hali na ina nafasi yake, ila isipewe jina hili.

Pa kuanzia papo. Chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, walimu hukutana shuleni katika jumuiya za ujifunzaji kujadili kazi yao. Maafisa Elimu Kata wa Karagwe na Kyerwa, ruhusuni kikao kimoja cha jumuiya hiyo kitumike kusoma ramani ya darasa moja na vijiti vyake, na mwalimu aliyeileta asihojiwe kama mkosaji.